Samli ya Heshima

Mtaa wa Paldi, mjini Ahmedabad, wapo watu wanaopangusa kiti kabla ya kukaa ili wasije wakamkalia chungu. Maji huyachuja kwa kitambaa wasimeze kidudu, na jua likishazama hawatii kitu kinywani, maana gizani huwezi kujua nani ametumbukia kwenye mchuzi. Dini yao haitaki kiumbe hata kimoja kiuawe. Ni watu wema, hilo halina ubishi. Lakini hebu waambie watu hao hao kwamba samli inatoka kwa ng'ombe, na kwamba huyo ng'ombe ana mtoto. Watakukodolea macho kana kwamba umewatukania mama yao mzazi.

Hasumati Vora alikuwa mmoja wao, na kwa samli hakuna mwanamke wa jengo lile aliyempita. Kila Jumapili aliichemsha mwenyewe jikoni kwake, ghorofa ya pili, mpaka harufu ikateremka ngazi na majirani wakajua nyumba ya Vora leo kumenona. Marehemu mumewe, Pravin, alikuwa akisema chapati isiyopakwa samli ni karatasi. Kwa hiyo mtu asimdhanie Hasumati kuwa ni wale wanaosoma jambo kwenye simu leo, kesho wanataka dunia nzima iwafuate. Alipoiacha samli alikuwa na sababu yake, na aliiona kwa macho yake mawili.

Pravin alipokuwa hai alikuwa akipeleka majani kila mwezi katika zizi la hisani, pale jumuiya yao inapotunza mifugo iliyozeeka na iliyotupwa. Alipofariki, mkewe akaishika kazi hiyo. Asubuhi moja alikuwa getini akingoja majani yashushwe, akamwona Devshi, mfugaji aliyemletea maziwa mlangoni tangu Nimesh, mwana wa Hasumati, akiwa anatambaa. Devshi alikuwa akiteremsha kutoka kwenye mkokoteni ndama ambaye kitovu chake kilikuwa bado kibichi. Ndama alijaribu kusimama, akaanguka, kisha akaanza kunyonya kidole cha Hasumati.

"Huyu ana nini, Devshibhai? Anaumwa?"

"Haumwi kitu, ben," alijibu, akimwita dada kwa lugha yao. "Ni dume tu."

"Na dume ndiyo nini?"

"Dume hana maziwa. Nimlee ili iweje?"

"Si anyonye kwa mama yake."

Devshi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto. "Maziwa ya mama yake ndiyo yale niliyokuletea alfajiri. Si ulinisifu mwenyewe, ukasema leo yana utando mzito wa malai?"

Hakusema kwa ubaya, maskini. Alisema kwa sababu ndivyo ilivyo, na kila mtu anajua ndivyo ilivyo, na hakuna anayetaka kukaa karibu na jambo hilo hata kidogo. Ndama alikufa kabla ya wiki kwisha. Hasumati aliulizia, akaambiwa, akarudi nyumbani akaimwaga sufuria nzima ya maziwa kwenye sinki. Kisha akaenda kwa mtawa, juu ya ukumbi wa hekalu, na kuweka nadhiri ya mwaka mzima: maziwa hapana, mtindi hapana, siagi hapana, samli hapana.

Tangu siku hiyo kila asubuhi nyumbani kwake ilikuwa ni vita. Mkaza mwanawe alichemsha chai ya maziwa kwa kununa, na Nimesh, ambaye sasa ndiye mwenye duka la vitambaa la baba yake, alizungumza kwa sauti ya mtu anayewahurumia watu wote isipokuwa mama yake.

"Mama, sisi hatuli nyama. Hatuli yai. Vitunguu hatuli, viazi hatuli. Sasa umebaki unatafuta nini tena? Tule mawe?"

"Wewe kula utakacho. Mimi nimekuzuia?"

"Watu wanauliza. Wanasema tangu baba afe, umeingiwa na kitu."

Hasumati akaona heri asinywe chai katika nyumba ambayo kila funda lina maneno. Akaanza kufungua kinywa nje, kwenye mikahawa, baada ya ibada ya asubuhi, jua likishapanda kiasi kinachoruhusiwa. Aliyefuatana naye ni Vimla Mehta wa ghorofa ya chini, mjane mwenzake, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachofika kabla yake. Vimla alikuwa na nadhiri moja tu maishani, nayo ni kutokosa chai ya maziwa. Alisema wazi kwamba anakwenda kwa ajili ya burudani.

Burudani aliipata siku ya kwanza, kwa Jagdish, karibu na daraja. Huyu Jagdish anasifika kwa fafda, vile vibanzi vya unga wa dengu vinavyokaangwa na kuliwa na pilipili mbichi. Unga wa dengu, mafuta ya karanga, chumvi, basi. Hasumati aliona hapo hawezi kukosea.

"Jagdishbhai, nina nadhiri," alimwambia. "Maziwa sigusi, mtindi sigusi, siagi sigusi. Kuna kitu cha mnyama ndani ya hii?"

"Mnyama!" Jagdish akajishika kifua. "Ben, huu ni mkahawa wa mboga tupu. Hata ukichimba sakafu hutakuta ganda la yai."

"Sikuuliza yai. Nimekuambia maziwa."

"Nimekuelewa. Mjane mwenye nadhiri akikaa kwangu, hiyo ni baraka. Keti tu, nitakukaangia mwenyewe."

Akaletewa sahani inayong'aa. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kupita kiasi, na Hasumati, ambaye alikuwa na njaa, alikwisha kula karibu nusu kabla ulimi wake haujamwambia kinachoendelea. Akaweka kibanzi chini.

"Umekaangia nini hii?"

Jagdish alivimba kwa fahari. "Ulidhani ningekukaangia kwa mafuta ya wapita njia? Nimefungua kopo jipya la samli safi kwa ajili yako peke yako, ben. Na bei ni ile ile."

"Si nimekuambia maziwa sigusi!"

"Sasa samli ni maziwa?" Akawageukia wateja ili wamsaidie, nao wakatikisa vichwa kwamba sivyo, samli ni samli, maziwa yalishachemka yakaondoka zamani. "Ben, samli haina maziwa. Uliza yeyote."

Vimla alicheka mpaka akapaliwa na pilipili. Hasumati hakucheka. Alinawa mkono, akasukutua mdomo mara mbili mbele ya watu, akatoka, na mtawa akampa kafara ya kufunga siku nzima kwa maji yaliyochemshwa. Siku nzima ile alikaa na njaa akiwaza jinsi alivyovunjiwa nadhiri yake kwa heshima. Angetukanwa angejua la kufanya. Lakini mtu akikufungulia kopo jipya, ukalalamika, mwenye makosa ni wewe. Ndiyo mila ya pale: upendo hupimwa kwa samli, na anayetaka chakula kikavu anaonekana amewakataa watu wenyewe.

Mkahawa wa pili ulikuwa na viti vya ngozi ya kuiga na mhudumu aliyevaa tai. Huyo aliapa kahawa yake haina maziwa hata tone. Ikaja nyeupe. Alipoulizwa, akasema kwa adabu zote kwamba yale si maziwa, ule ni unga. Unga wa nini? Unga wa maziwa, madam. Mwenye mkahawa wa tatu aliwapa biskuti akasema hazina siagi, na hakusema uongo, siagi haikuwemo. Ilikuwemo ile ile samli ambayo mji mzima umekula kiapo kwamba haitoki kwa ng'ombe. Hasumati alikuwa akirudi nyumbani na njaa huku ameghadhibika, na Vimla akimfuata nyuma ameshiba.

"Hasu, mwenzangu," alisema Vimla, "usinikasirikie. Lakini wewe unawapigia mbuzi gitaa."

"Mbuzi wangeelewa. Wao wenyewe wananyonyesha."

Ndipo mtu akawaambia kuna kijana ng'ambo ya mto amefungua mkahawa usio na kitu cha mnyama, hata asali hana. Walikwenda kwa bajaji. Mkahawa ulikuwa na meza za mbao za makasha na mimea inayoning'inia mpaka inamgusa mtu masikioni. Mwenyewe aliitwa Tanay, kijana mwenye ndevu na hereni moja, aliyeacha kazi ya uhasibu na kumliza baba yake. Aliposikia habari ya nadhiri, karibu amkumbatie Hasumati.

"Anti, hapa umefika nyumbani. Agiza chochote. Chochote kabisa!"

Hasumati akavaa miwani na kutazama orodha. Mkate wa bitiruti. Maandazi ya viazi vitamu. Keki ya karoti. Pepeta za mchele kwa viazi na vitunguu. Supu ya kitunguu saumu, asubuhi yote hiyo. Akaishusha miwani taratibu.

"Mwanangu, kipi hapa hakina mzizi?"

"Mzizi?"

"Kitu cha kung'oa ardhini. Sisi hatuli. Ukiung'oa, umeua mmea mzima na wote wanaoishi pale chini."

Tanay alijitahidi asicheke, akashindwa. "Anti, samahani. Maziwa huli, samli huli, viazi huli, karoti huli. Sasa unaishi kwa kitu gani, hewa?"

Hapo Hasumati alipandwa na mori. Miezi ya njaa na maneno ilimtoka yote kwenye meza ile ya makasha, na wateja vijana wakaacha simu zao.

"Usinicheke wewe! Kule kwetu wananicheka, nije na huku nichekwe? Wewe unamwona ndama, mdudu wa ardhini humwoni. Wale wanamwona mdudu, ndama hawamwoni. Kila mtu ana jicho moja, na kila mtu anajisifu anaona! Nyani haoni kundule. Nipe maji niondoke."

"Hasu, kaa," alisema Vimla. "Bajaji imeshaondoka."

Kijana alikuwa ameacha kucheka. Aliingia jikoni, akakawia mpaka Vimla akaanza kuulizia yale maandazi. Alipotoka alikuwa na sinia. Pepeta iliyokaangwa kwa mafuta ya karanga, yenye majani ya mchuzi, karanga na ndimu, bila kiazi, bila kitunguu. Vikate vyembamba vikavu vya khakhra. Chai ya maziwa ya korosho yenye hiliki. Na pembeni bakuli dogo la mtindi wa korosho uliotiwa zafarani na sukari, na laddu mbili, vitufe vitamu vya tende na ufuta.

"Sikutia mzizi wowote," alisema. "Nimeosha hata kisu."

Hasumati alionja ule mtindi wa zafarani kwa ncha ya kijiko. Alikuwa hajala kitu kitamu tangu nadhiri, yeye aliyekuwa akila laddu kabla ya kunywa maji. Akatulia. Akaonja tena, safari hii kwa kijiko kizima, na macho yakamjaa machozi, akasingizia pilipili ambayo haikuwemo. Vimla alinusa chai akasema inanukia kama kabati la mtu. Kisha akanywa kikombe chake, akaomba kingine, akasema na hicho ni kibaya vilevile.

Ikawa desturi yao. Kila wiki walivuka mto, kila wiki Vimla alilalamika kuanzia kwenye ngazi, na kila wiki alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Tanay akajifunza kupika bila mizizi, na Hasumati akamfundisha halua ya suji kwa mafuta ya karanga na sukari guru, akimgombeza kila hatua kwamba anakoroga kama anayefagia. Huo ndio mkahawa pekee mjini ambapo hakuwa na haja ya kujitetea.

Basi mwaka wa kifo cha Pravin ukakaribia. Desturi yao ni kwamba mtu akitaka kumfanyia marehemu wake jambo la heri, hudhamini navkarsi, yaani kifungua kinywa cha waumini wote ukumbini, baada ya ibada. Hasumati akaamua atadhamini, na kwamba katika sahani zile hakutakuwa na tone la kitu cha ng'ombe. Alitaka jambo moja tu, na alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu ujane: asimame mbele ya watu wake, asubuhi moja, aweze kusema kwa kinywa chake kwamba kwa sahani hii hakuna mama aliyeporwa. Pravin alilisha mifugo ya watu maisha yake yote. Alistahili asubuhi moja safi.

Mwenyekiti wa jumuiya, Chinubhai, alimsikiliza huku akizungusha pete.

"Hasuben, navkarsi bila chai ya maziwa? Halua bila samli? Watu watasema nyumba ya Vora imefilisika."

"Waseme."

"Tena hekaluni taa zinawaka kwa samli. Sanamu tunaziogesha kwa maziwa. Unataka kutuambia nini? Kwamba tunatenda dhambi?"

"Sijawaambia kitu. Nataka kuwalisha tu. Au hata hilo linahitaji kura?"

Chinubhai alifungua kinywa, lakini aliyejibu ni Nimesh, aliyekuwa amekaa nyuma. Alisimama akaunganisha viganja kwa heshima. "Mzee Chinubhai, mwacheni mama. Ni kumbukumbu ya mumewe. Atafanya anavyotaka, mimi niko nyuma yake."

Hasumati hakuamini masikio yake. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimtazama mwanawe upande upande, akamwona ana paji la uso la baba yake. Usiku ule alimpikia choroko anazopenda, na akamwambia Vimla kwamba damu nzito kuliko maji, mtoto hata akinuna mwisho ni wako. Vimla akasema ndiyo, hasa akiwa anataka kitu. Hasumati akamwambia afunge domo lake.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi, baridi ile ya Ahmedabad inayowafanya wazee wavae kofia za sufu na kusahau kuzivua ibadani. Tanay, aliyepewa kazi ya kupika, alileta vyakula kwa gari, na kwa kuwa mila haikuruhusu kijana mwenye viatu vya kigeni kuingia jiko la jumuiya, aliyekabidhiwa kuvipasha moto ni mpishi wa ukumbi, Shankar Maharaj. Watu walikaa kwa safu sakafuni. Hasumati mwenyewe ndiye aliyezunguka na ndoo ya halua, akipakua kwa mkono wake, na kwa kila safu aliitua ndoo, akaunganisha viganja akasema, "Kuleni kwa amani. Humu hamna maziwa, hamna samli. Hamna mama aliyeporwa." Alisikia harufu ya samli, lakini hekalu lipo mlango wa pili na taa zake, na ukumbi ule huwa na harufu hiyo hata ukiwa mtupu.

Watu walikula. Si kula tu, walirudia. Wazee waliokuja wamekunja nyuso waliinua mabakuli kuomba zaidi. Chinubhai mwenyewe alimwita akasema, "Hasuben, ninakiri. Sikujua mafuta ya karanga yanaweza kazi hii." Hasumati alijiona mwepesi, kama aliyetua kuni kichwani.

Alipofika kwa Vimla, huyu alikuwa amemaliza bakuli lake na anaogopa kumtazama usoni.

"Niongeze. Na usicheke," alisema Vimla.

"Nicheke nini?"

"Nimepita kwa mtawa hapo juu asubuhi kabla hujafika. Nimeweka nadhiri kama yako. Mwezi mmoja tu! Nikaona nianze leo, kwenye sahani yako, hapa siwezi kukosea." Akamnyooshea bakuli. "Ukimwambia mtu nitakana."

Hasumati alitumbukiza upawa ndooni. Alimjazia bakuli mpaka likafurika.

Mdhamini hula mwisho. Watu walipoanza kunawa, alijipakulia kidogo katika kibakuli cha bati na kukaa kwenye mkeka, upande wa mlango uliokuwa ukiingiza upepo. Akaomba kwanza, kwa hiyo halua ikapoa. Alipofungua macho na kuinua kijiko, aliona ukingoni mwa kibakuli, pale bati lilipokuwa na baridi zaidi, mstari mweupe wa chenga ndogo ndogo. Mafuta ya karanga hayagandi hivyo. Yeye aliyechemsha samli kila Jumapili miaka nenda rudi alizijua chenga zile, tena alijua zimetoka katika samli nzuri, ya bei.

Aliingia jikoni na kibakuli mkononi. Shankar Maharaj alikuwa akikwangua kopo.

"Maharaj, umetia nini kwenye halua?"

"Ben, ilikuwa kavu!" Mpishi alikuwa na furaha ya mtu aliyeokoa arusi. "Bwana mdogo alinitumia makopo tangu jana. Akasema tia ukipasha, mama asisumbuliwe na haya. Umesikia watu wanavyosifu?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimesh alikuwa mlangoni, amesikia, na hata hakuona haya.

"Mama, usianze hapa, tafadhali. Watu wamefurahi. Nani ameumia?"

"Ulisimama mbele ya Chinubhai ukasema uko nyuma yangu."

"Na nipo. Ulitaka waondoke wakisema mwana wa Pravin Vora amemnyima baba yake samli? Mimi ndiye mwenye duka, mama. Mimi ndiye nitakayekutana nao kila siku. Nimekulindia heshima yako."

"Heshima yangu!" Sauti yake ilifika ukumbini. "Nimezunguka safu zote zile nikiapa kwa kinywa changu. Umenifanya mwongo katika siku ya baba yako, tena umenishikisha ndoo!"

Alimpita, akatoka, akasimama katikati ya ukumbi. Hakuwahi kusema mbele ya watu maishani mwake. Alisema, "Sikilizeni. Niliwaambia humu hamna samli. Imo. Imetiwa bila mimi kujua. Nimewadanganya, na ninaomba radhi."

Watu wakatazamana. Kisha mzee mmoja akalamba kidole akasema, "Aa, ndiyo maana!" na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha upendo, na hicho ndicho kilichomchoma. Walikuwa wamefarijika. Mwingine akasema, "Ben, usijali, hakuna aliyekasirika," na Chinubhai akajipiga mapajani kwa furaha akisema aliijua ladha ile, aliijua tangu kijiko cha kwanza. Wangemzomea ingekuwa afadhali. Alisimama pale amevaa sari yake nyeupe ya ujane, na wote wanamsamehe kosa ambalo hakuna hata mmoja aliyeona kuwa ni kosa.

Mmoja tu hakucheka. Vimla, mwenye kicheko kinachofika kabla yake, alikuwa amekaa na bakuli tupu mapajani.

"Hasu," alisema, si kwa hasira. "Ulinipa kwa mkono wako."

Nimesh aliuona uso wa mama yake alipogeuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaogopa. Akafanya anachofanya mtu wao akijua amekosa: aliinama, akamgusa miguu, akaunganisha viganja akasema yale maneno, michhami dukkadam, kosa langu na lifutike. Aliyasema kwa sauti ili watu wasikie. Na watu waliposikia wakatabasamu, maana jambo limekwisha. Maneno hayo hayakataliwi. Anayeombwa hujibu hayo hayo, na hata maadui wa kesi mahakamani hujibizana hivyo siku ya Samvatsari, siku ya msamaha, kwa kuwa aliyebeba hasira kuvuka siku hiyo amejiharibia dini yake. Samvatsari ya mwaka ule ilikuwa imepita muda si mrefu. Ijayo ilikuwa mbali, ng'ambo ya kiangazi chote na karibu masika yote.

Ukumbi ulingoja. Chinubhai akamwashiria Hasumati kwa kichwa kumhimiza.

"Inuka, Nimesh," alisema Hasumati. "Siku ya Samvatsari nitakusamehe. Dini inanilazimisha, na mimi dini yangu ninaishika. Lakini mpaka siku hiyo, dini hiyo hiyo imeniruhusu hasira. Nitaitumia yote."

Kisha akamshika Vimla mkono, wakapanda ngazi kwa mtawa kuomba kafara.